Corolla ya uani: baba hashiki spana

Desemba, Jumamosi ya kwanza

Gari imeingia leo saa tano asubuhi juu ya brekidauni, mtaa mzima wa hapa Tabata umetoka kuangalia kama vile tumeleta msiba. Corolla KE70 ya mwaka 1982, injini ni 4K ya cc 1290, gia nne za mkono, tairi za nyuma ndo zinazosukuma. Imekaa chini ya mwembe kwa mwalimu mmoja mstaafu kule Mbagala miaka tisa. Alikuwa anataka milioni moja na nusu, tukavutana mpaka laki tisa, na hiyo laki tisa nadhani aliikubali kwa huruma tu baada ya kumwona Kadogo, binti yangu mdogo, ameshaingia ndani anapiga honi isiyolia. Brekidauni laki na ishirini. Ndani walikuwa wanalala kuku, siyo utani, kwenye siti ya nyuma tumekuta yai. Mama watoto kaiangalia gari, kaliangalia yai, akasema "Baba Kadogo, umenunua banda," akarudi zake jikoni.

Sababu yenyewe ni hii. Dada, yaani binti yangu mkubwa, kamaliza fomu foo mwezi uliopita, na mwenye mtoto wa umri huo anajua kinachofuata, mtoto anakaa nyumbani mpaka Julai, kwanza anasubiri matokeo halafu anasubiri kupangiwa shule, miezi saba ya simu na tamthilia. Wenzangu wanapeleka watoto tuisheni au kozi ya kompyuta. Mimi nimenunua gari bovu. Ila sijamlazimisha mtu, huyu mtoto akiwa na miaka minne alikuwa anakaa barazani anakwambia inayokuja ni Hiace, ile ya nyuma yake ni Coaster, kabla hazijakata kona. Na mdogo wake ndo kabisa, yuko darasa la tano, amelala kwenye gari fofofo lakini ukiingiza gia vibaya anafungua macho.

Sheria ya mradi kaitunga Dada, kaiandika kwa chaki ukutani: BABA HASHIKI SPANA MPAKA AOMBWE. Nikishika bila kuombwa, buku kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikabisha, nikauliza kosa langu nini jamani. Akanikumbusha mwaka jana nilivyomwita aje ajifunze kubadilisha breki pedi za Toyota Raum yetu, nusu saa baadaye kazi imeisha nimeifanya mimi, yeye kashika tochi. "Baba, mimi nashika tochi toka darasa la pili." Nikanyamaza. Maana ni kweli.

Desemba, wiki iliyofuata

Injini imekwama, haizunguki. Dada kafungua plagi zote nne, kamimina oili kidogo kila tundu, tukaiacha siku tatu ilainike. Leo kaweka spana kwenye puli ya kranki akavuta, haitaki, akavuta tena, haitaki, mimi pembeni mikono inawasha. Nikaona anavuta kwa mkono wakati alitakiwa aegemee kwa uzito, nikasogea nikaishika, ikazunguka. Furaha yote yangu peke yangu. Dada kaniangalia tu, Kadogo kaleta kopo. Buku la kwanza hilo, na kusema ukweli limeniuma kuliko bei ya brekidauni.

Mimi nilijifunzia kwa mzee. Mzee alikuwa dereva wa malori njia ya Tunduma, aliianza enzi zile Rhodesia imejitangazia uhuru wake mwaka 1965 na Zambia ikalazimika kupitishia mafuta na mzigo wake Dar, barabara yenyewe vumbi na matope mpaka Wazungu wakaibatiza njia ya jehanamu. Mimi nimezaliwa baadaye, likizo nilikuwa tanboi wake, nachota maji ya rejeta, nasukumia mawe nyuma ya tairi kwenye vilima. Dada yangu, shangazi yao hawa, hakupandishwa hata siku moja. Na yeye ndo alikuwa na sikio. Usiku tumelala wote, lori likiingia mtaani anasema "baba huyo, leo gia ya tatu inamsumbua," na asubuhi kweli unakuta giaboksi iko chini. Sasa hivi anauza vitenge Tanga. Juzi kanipigia simu niko barabarani, kabla ya shkamoo kauliza mbona beringi ya tairi ya mbele inalia. Nikaenda gereji, kweli, beringi imekwisha. Mtu wa hivyo anauza vitenge. Sina ubaya na vitenge.

Desemba, kabla ya mwaka mpya

Siku ya tanki na kabureta. Petroli ya miaka tisa imegeuka kitu kama vanishi, harufu yake ilituingia mpaka kwenye wali. Tanki tumelishusha, Dada kamimina kokoto ndogondogo na sabuni, wakawa wanalitikisa wawili huku na huku kama wanapepeta, kilichotoka ni kutu ya rangi ya chai. Mara tano mpaka maji yakatoka masafi. Halafu tukalipeleka kwa fundi pancha akalipulizia upepo mpaka likakauka.

Kabureta kaifungulia mezani juu ya gazeti, kila skrubu inapotoka anaizungushia duara kwa kalamu na kuipa namba, picha karibu arobaini kwenye simu. Hajafundishwa na mtu huyu, mimi mwenyewe huwa natupia kila kitu kwenye kisahani halafu nabaki na skrubu mbili za ziada. Jeti, vile vitundu vya kupitishia mafuta, zilikuwa zimeziba. Nageuka nachukua maji, nageuka tena, Kadogo kashika jeti mkono mmoja, mkono wa pili pini ya mtandio ya mama yake, anachokonoa. Nilipiga kelele mpaka jirani kaitika. Jeti ni shaba laini, tundu lake limepimwa, ukilikwangua na chuma linapanuka na gari itakunywa mafuta mpaka ukimbie nyumba. Nikamnyang'anya. Buku.

Kadogo kanuna. Dada akasema ngoja nikwambie kitu, kuna mama mmoja Mjerumani anaitwa Bertha Benz, mume wake katengeneza gari lakini hapati wanunuzi, mama wa watu mwaka 1888 akaichukua bila kumuaga mume, akasafiri nayo kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, kama kilomita mia hivi, wakati hakuna mtu aliyewahi kwenda mbali hivyo na gari. Njiani bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia yake. Mafuta yakaisha, akanunua kwenye duka la dawa, breki zikaisha, akamwambia fundi viatu azipigilie ngozi. Kadogo kanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamweleza bomba siyo jeti, hataki kusikia. Akauliza alikuwa na nani kwenye gari, Dada akasema na wanawe wawili wa kiume. "Hakuwa na watoto wa kike?" Alikuwa nao. "Sasa mbona hakuwachukua?" Hapo hata Dada hakuwa na jibu, na Kadogo toka siku hiyo huyo mama hampendi tena.

Jeti tumezisafisha kwa dawa ya kabureta ya kopo na upepo wa fundi pancha. Kopo 12,000.

Januari

Matokeo yametoka, Dada kapata, fizikia A, mama yake kalia, mimi nimejifanya nimeingiwa na vumbi. Anataka PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu. Basi, turudi kwenye gari.

Hakuna moto. Yaani ukizungusha, cheche ipo lakini dhaifu, ya rangi ya chungwa, inaruka kwa uvivu. Nikamwita fundi umeme mmoja wa maeneo ya hapa, kaja, kaangalia dakika mbili, akaniambia mimi, "Bosi, distributa imekufa, tafuta nyingine, laki moja na themanini." Dada alikuwa amesimama hapo hapo, ndo aliyefungua kofia, ndo aliyemuuliza umejuaje. Akanijibu mimi tena. "Bosi, hizi za zamani ndo zilivyo." Mimi nikamwambia muulize mwenye gari huyo hapo. Akacheka, akadhani ni mzaha.

Alipoondoka Dada kakaa na kile kidistributa, kile kinachogawa moto kwenye plagi, magotini muda mrefu. Halafu akaleta daftari lake la fizikia. Kumbe ile indakshen koili waliyosoma shuleni, ile aliyoichora kwa rula na kalamu mbili na kupata alama zote, ni kitu kile kile kimening'inia hapo kwenye bodi ya gari na yeye hakuwahi kujua kama kinakaa kwenye Corolla. Akanieleza kwa kidole kwenye mchoro wake: platini, vile vibati viwili vya ndani ya distributa, zikiwa zimefungana umeme unapita kwenye koili, zikiachana umeme unakatika ghafla, na ule ukatikaji wa ghafla ndo unaozaa moto mkubwa wa plagi. Sasa umeme haupendi kukatwa, unataka kuruka pale pale platini zinapoachana, kondensa kazi yake kuupokea ule mruko. Kondensa ikifa, cheche inaruka kwenye platini badala ya kwenye plagi, platini zinaungua, moto unakuwa wa uvivu. Tukaziangalia platini kwa tochi (nimeshika mimi tochi, nimeombwa). Zimeungua, nyeusi, upande mmoja kuna kichuguu na upande wa pili shimo.

Kondensa 7,000 na platini 15,000, tumezipata Kariakoo upande wa Gerezani baada ya kuzunguka maduka sita. Muuzaji kaniuliza mimi gari gani, Dada kajibu, akaniuliza mimi mwaka gani, Dada kajibu, mpaka mwisho akakata tamaa akamgeukia yeye na hapo ndo wakaelewana vizuri na akatupunguzia buku mbili. Cheche sasa ni ya bluu na ina sauti, tak, tak. Distributa haijafa wala nini.

Februari

Bodi. Hapa sisemi sana maana ni maumivu. Ukiinua kapeti la dereva unaona ardhi. Hii hewa yetu ya chumvi na kapeti kukaa bichi miaka tisa, bati limekuwa biskuti. Fundi bodi kakata, kachomelea bati la geji 18 upande wa dereva na nyuma ya siti, kanyoosha, kapiga puti. Laki tatu na nusu kazi yote bila rangi. Tulielewana wiki moja, kafanya wiki tatu, wiki ya pili simu hapokei, tumekwenda tumekuta gari yetu imeanikiwa nguo. Kadogo aliingia na msasa wake akakaa chini akaanza kusugua mlango mwenyewe, wale vijana wakaona aibu, mmoja akamwambia "dogo siyo hivyo, tumia maji, zungusha taratibu," na kesho yake kazi ikaanza kwenda. Kijana huyo Mungu ambariki, ndo fundi pekee toka tuanze aliyemwelekeza mtoto bila kunitazama mimi kwanza.

Rangi ni nyeupe. Kura ilikuwa mbili kwa moja, mimi nilitaka bluu.

Machi kuingia Aprili

Masika na mfungo vimekuja pamoja. Mvua haikatiki, uani ni bwawa, gari tumeiweka juu ya matofali na kuifunika turubai. Hela hakuna pia, ukweli usemwe, mwezi huu tumenunua vitu viwili tu, gasketi ya kofia ya valvu na fila geji, vile vikucha vya chuma vya kupimia pengo. Kopo la faini lilishafika 14,000 ndo lililonunua.

Usiku mmoja baada ya futari tumefanya tepeti, yaani kupima na kurekebisha pengo la valvu. Kazi hii nilimwomba Dada amwachie mdogo wake na mimi niruhusiwe kuelekeza kwa mdomo tu, mikono nyuma kama mwalimu wa zamu. Valvu ziko nane. Kitabu kinasema injini ikiwa ya moto, za kuingiza milimita 0.20, za kutolea 0.30, sisi injini haijawahi kuwaka kwa hiyo tumepima baridi, tukakubaliana tutarudia. Unaileta pistoni ya kwanza juu kabisa, unapima za silinda ya kwanza zote mbili, ya kuingiza ya pili, ya kutolea ya tatu, halafu unazungusha kranki mzunguko mmoja mzima unamalizia nne zilizobaki. Kadogo kapitisha ule ukucha wa chuma chini ya tepeti, kavuta, kafumba macho. "Hii imelegea." Nikamwambia jaribu tena. "Baba imelegea, inapita kama hakuna kitu." Ikakazwa kidogo, akavuta, safari hii ikawa inakwama kidogo inaachia, inakwama inaachia, kama unavuta karatasi chini ya daftari. Akatabasamu kabla mimi sijasema. Umeme ukakatika kwenye valvu ya tano, akaendelea gizani. Nikataka kuleta taa, akasema ya nini.

Fila geji kaichukua jumla. Anaiweka kwenye mkebe wa kalamu pamoja na bikari na protrakta, anakwenda nayo shule. Mwalimu wa hesabu kamuuliza hii ni nini, kajibu ni ya kupimia pengo.

Pasaka tumeangalia Safari Rally kwenye simu, Naivasha, sita tumebanana kwenye kiskrini, na watoto wa jirani wamo. Nikawasimulia kwamba zamani hiyo Safari ilikuwa inakatiza mpaka huku kwetu, ilianza mwaka 1953 Kenya, Uganda na Tanganyika zikiwa pamoja. Na kwamba mwaka 1983 kuna mwanamke Mfaransa, Michèle Mouton, kaja na Audi Quattro, kamaliza wa tatu, na mwaka mmoja kabla alikuwa wa pili wa dunia nzima, siyo wa wanawake, wa wote. Dada akauliza wa kwanza alikuwa nani 1983. Nikasema Vatanen, Opel. Akasema sawa, akarudi kuangalia. Nilitegemea shangwe kidogo, bwana. Lakini yeye aliona kawaida tu.

Mei

IMEWAKA.

Ngoja nianze mwanzo. Jumapili saa nne, betri tumeazima ya Raum, petroli lita tano mpya, rejeta imejaa, oili mpya. Dada kaunga waya za plagi. Nikaangalia, nikaona kaziunga 1-2-4-3 akifuata mzunguko wa upande mwingine, wakati rota ya distributa inagawa moto kwa zamu ya 1-3-4-2. Nikaona kabisa. Nikaweka mikono mifukoni. Nikasema moyoni, buku siyo hela, lakini leo sitoi.

Akapiga stata. Ikazunguka, ikakohoa, halafu ikapiga mlipuko mmoja kupitia kabureta, paa! kuku wa jirani wakaruka ukuta, mama watoto katoka na mwiko. Mimi kimya. Akapiga tena, ikashika kidogo inatetemeka kama bajaji iliyopakia saruji, ikazima. Kadogo alikuwa ameinamia tairi la mbele, kichwa pembeni. "Dada, zinaitika mbili tu. Mbili zinaongea, mbili zimenyamaza." Dada kasimama mbele ya injini, kaangalia waya, kaangalia kofia ya distributa, midomo inatembea bila sauti. Dakika kama nne hivi. Ni dakika ndefu sana zile, nimeng'ata kucha ya kidole gumba mpaka kwenye nyama. Halafu akachomoa waya mbili akazibadilishana, wala hakunitazama.

Ikawaka. Moshi mwingi mweupe, halafu ukapungua, halafu ikatulia, ile sauti ya 4K ya mashine ya cherehani. Kadogo kaanza kurukaruka. Dada kazima, kawasha tena. Kazima, kawasha tena. Mara saba. Nilipomuuliza usiku mbona alikuwa anazima akasema alikuwa anataka kuhakikisha kama siyo bahati.

Akaniuliza pia, "Baba, ulikuwa umeona?" Nikasema nimeona nini. Akacheka.

Juni

Breki. Masta silinda imefanyiwa ripea, wili silinda za nyuma mpya, shuu mpya, laki moja na arobaini na tano jumla. Kutoa upepo wamefanya wenyewe wawili, Dada chini ya gari na kipaipu na chupa ya maji ya kunywa, Kadogo kwenye pedali akijinyoosha maana miguu haifiki. Kanyaga. Shikilia. Achia. Kanyaga. Shikilia. Mchana kutwa. Jirani mmoja mtu mzima kapita akaniambia, kwa wema tu wala siyo kwa ubaya, "Mzee mwenzangu, hawa wakiolewa utafanyaje?" Nikamwambia wakwe zangu watakuwa na magari mazima. Akacheka akaenda, lakini neno lilibaki, siyo kwa sababu ya kuolewa, ni ile "hawa wakiondoka".

TAMISEMI wametoa majina. Dada kapangiwa shule ya bweni Iringa, PCM kama alivyotaka. Kuripoti Julai.

Kwa hiyo kasi imeongezeka. Bima imekatwa, siti kashona fundi wa sofa wa mtaani, tairi nne za mtumba. Jumapili mbili Dada kaendesha kwenye kiwanja cha mpira mimi pembeni yake, barabarani hapana, leseni ni mpaka miaka kumi na nane na yeye bado miezi minne. Klachi kaimudu siku ile ile.

Sasa hapa naandika kitu ambacho sijamwambia mtu. Juzi usiku wamelala, sikupata usingizi. Nikaenda uani, nikafungua kofia ya distributa. Nilikuwa na wasiwasi na pengo la platini, linatakiwa 0.45, nikaona kama limebana. Nikalilegeza, nikalirudisha, nikafuta kila kitu kikawa kisafi kinang'aa, nikafunga. Hakuna aliyejua. Sikuweka buku. Sijui hata nilikwenda kufanya nini, gari ilikuwa inaendesha vizuri tu.

Julai

Tumemsindikiza leo. Tranka halikuingia kwenye buti, likakaa siti ya nyuma na Kadogo kabanwa pembeni, godoro juu ya keria. Tumetoka Tabata saa tisa na nusu usiku, Mandela, Ubungo, Morogoro Road mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi. Nimeendesha mimi. Gari imepanda vizuri, rejeta haijachemsha, ila kuanzia Kimara nikawa naona kama inapungua nguvu, nikajiambia ni mzigo.

Basi la saa kumi na mbili. Kule kuagana siandiki. Kabla hajapanda kamshika mdogo wake mabega akamwambia "Oili kila Jumamosi. Na umwangalie baba." Mama yao kapanda naye, anamfikisha mpaka shuleni.

Kurudi tukawa wawili. Tumetoka Mbezi, inamisi. Imefika Kimara inatetemeka, ukikanyaga mafuta ndo kwanza inazama, ikazima katikati ya kilima, nyuma yangu daladala linapiga honi, konda kichwa nje ananiuliza kama nimeegesha. Vijana wa bodaboda wakatusukuma mpaka pembeni. Nikafungua boneti. Nikasimama. Kadogo kashuka na begi lake la shule, hii siku ya Jumapili sijui alilibeba la nini, akasimama pembeni yangu, akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Bisibisi."

Nikampa. Kapanda juu ya bampa, kafungua kofia ya distributa, kaninong'oneza nizungushe injini kidogo kwa feni mkanda ukiwa umebanwa, nikazungusha, akasema basi. Akatazama muda. Platini hazikuwa zinaachana kabisa. Ile pua ya fiba inayopanda kwenye kemu na kuziachanisha imelika, imelika mpaka karibu yote, kwa hiyo pengo limefunga.

"Baba, Dada alipaka grisi hapa kwenye kemu. Nilimwona, tone dogo, alitumia njiti ya kiberiti." Kapitisha kidole, kakiangalia. Kikavu. "Nani kaifuta?"

Malori yanapita, vumbi, jua linaanza kuwaka. Nikasema mimi.

"Lini?"

Nikamwambia lini.

Hakusema kitu. Kafungua mkebe wa kalamu, bikari, protrakta, penseli mbili, akatoa fila geji, akatafuta ukucha wa 0.45 kwa kuhesabu na ncha ya kidole. Kalegeza skrubu, kasogeza, kavuta, kafumba macho katikati ya kelele zote zile za Morogoro Road, kakaza. Grisi kaichukua kwenye bawaba ya mlango kwa njiti, mlango ambao mwenyewe aliupaka mwezi wa sita. Kafunga kofia. Akaniambia washa.

Ikawaka mara ya kwanza. Tukakaa kidogo inaunguruma, yeye kaweka sikio kwenye dirisha. Tulipofika taa za Ubungo ndo akaongea.

"Ile ya usiku ni elfu kumi."

Nikamwambia sheria inasema buku. Akasema buku ni ya mchana.